Neno Aliloliongeza Mkalimani

Siku sita za wiki fundi wa makochi alifanya kazi akiwa na misumari kinywani. Ndivyo kazi yenyewe inavyotaka: mkono mmoja umevuta kitambaa mpaka kikakaza, mwingine umeshika nyundo, na misumari midogo inatoka katikati ya midomo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetema mbegu za tikiti. Ukimuuliza kitu saa hizo, atakujibu kwa nyusi. Siku ya saba aliitema misumari yote, akavaa suti yake ya kijivu, akapanda jukwaani kando ya mhubiri mgeni, na kinywa kile kile kikafunguka kama bomba lililopasuka. Watu walimwita Mdomo, naye aliitika.

Lugha alizipata jikoni. Ujanani alipika katika kambi za wajenzi wa barabara, akihama nao kutoka nchi hii hadi ile, na mpishi asiyeelewa anavyotukanwa hadumu. Alijua kuomba chumvi kwa lugha nne na kuomba radhi kwa tano. Aliporudi nyumbani na mgongo mbovu, kanisa lilimgundua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wageni wa kuhubiri walikuwa wengi na mkalimani wa zamani alikuwa na tabia ya kusinzia amesimama.

Mkalimani hana "yeye alisema". Mgeni akisema nilikuwa mlevi, na Mdomo anasema nilikuwa mlevi, ingawa pombe hajawahi kuionja. Mgeni akisema Mungu alinitokea chumbani, na Mdomo naye ametokewa, mikono juu, sauti ikitetemeka mahali inapopaswa kutetemeka. Kwa miaka mingi alikuwa amepona saratani, ameachwa na wake wa watu asiowajua, na amezama baharini akaokolewa.

"Nasikia jana ulikuwa jambazi," seremala alimwambia Jumatatu moja. Seremala ndiye aliyetengeneza mbao za makochi. Walipanga banda moja, yeye upande wa vumbi la mbao, Mdomo upande wa sponji.

Mdomo alitoa misumari kinywani. "Wa kutumia silaha."

"Na juzi ulifufuka."

"Hiyo ilikuwa mwezi uliopita."

"Basi ifufue hii springi, mwenye kochi anakuja saa kumi. Jumapili unatoa mapepo, Jumatatu unatoa kunguni kwenye makochi ya watu. Mungu wako hana kazi ndogo."

Je, mwenyewe aliamini? Aliamini kama mpangaji anavyoamini kwamba mwenye nyumba yupo: hajapata kumwona, lakini paa si lake. Swali hilo hakulichokonoa. Alichokiamini kwa moyo wote ni kazi. Alijua mkutano ukianza kulala, alijua jinsi ya kuuamsha, na alikuwa na msemo wake: mgeni analeta mifupa, nyama naitia mimi. Mhubiri akisema "mtu maskini", Mdomo alisema mtu ambaye shati lake la kazini ndilo la arusi. Mhubiri akisema "dhambi", Mdomo aliitaja moja moja mpaka watu wakaanza kutazama viatu vyao. Hakuna aliyelalamika. Wageni wenyewe, wakisikia vifijo, walidhani wamehubiri vizuri.

Dada yake aliketi safu ya tatu kila Jumapili. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na mama yao alipokufa ndiye aliyemvisha, akamlisha, akamchapa. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni mpaka vidole vikapinda, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja aliyeuza katika duka la dawa. Alikuwa na sukari. Alijidunga sindano asubuhi na jioni, kichupa cha dawa kikikaa kwenye friji karibu na nyanya, na hakuwahi kuitaja hali yake isipokuwa kwa mzaha: "Mimi ni mtamu sana, ndiyo maana ninaumwa."

Jumapili yenyewe ilikuwa ya joto. Bati lilikuwa limeiva. Mhubiri mgeni, mtu mnene aliyetoka mbali na usingizi wa safari machoni, alikuwa akizungumza juu ya mtu aliyeegemea ukuta maisha yake yote mpaka akasahau kusimama. Yalikuwa mahubiri mazuri ya kusomwa. Kusikilizwa saa nane mchana ilikuwa adhabu. Mdomo aliona vichwa vikianguka, kimoja hapa, viwili kule. Mgeni akasema, taratibu: acheni leo kila mnachokiegemea.

Basi. Hakusema zaidi ya hayo.

Mdomo akavuta pumzi. "Acha leo unachokiegemea!" akapaza sauti. "Acha fimbo yako! Acha chupa yako! Acha vidonge, acha sindano! Nani aliyekuumba, sindano?"

Vichwa viliinuka kama majani baada ya mvua. Mtu akapiga makofi, mwingine akalia. Mgeni aligeuka akamtazama mkalimani wake kwa shukrani, naye akapaza sauti. Mdomo alijisikia vizuri siku ile kama mtu aliyekamilisha kochi gumu, lile lenye kona za mviringo. Katika safu ya tatu, dada yake alikuwa ameinama, mabega yakitikisika. Akadhani amechoka.

Aliyegundua alikuwa binti. Alikuja bandani akiwa bado na koti jeupe la duka la dawa, akasimama kati ya mafundi wawili bila kusalimu, tabia ambayo hakuwa nayo.

"Mjomba, Mama amejigonga kidole cha mguu kitandani. Kidonda hakifungi."

"Cha lini?"

"Sijui, alikificha kwenye soksi. Lakini sikuja kwa ajili ya kidonda. Nimefungua friji, dawa haijapungua. Nimemuuliza, Mama, mbona dawa haipungui? Ameniambia ameponywa." Akamtazama. "Ameniambia ni wewe uliyemwambia."

Seremala alisimamisha randa yake. Mdomo alikuwa na misumari kinywani, na kwa muda hakujua la kuifanyia.

"Ni mhubiri," akasema, alipoitema.

"Mhubiri gani, Mjomba? Mama hajui lugha ya yule mtu. Yeye alikusikia wewe."

Alikwenda jioni ile ile. Dada yake aliishi chumba kimoja na ukumbi, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, kochi ambalo Mdomo mwenyewe alilivisha kitambaa cha maua wakati wa msiba wa shemeji yake. Alikuwa amekaa hapo, mguu juu ya kigoda. Chumba kilinuka dawa ya kuua wadudu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na harufu nyingine, tamu kidogo, ambayo Mdomo hakutaka kuijua.

"Umetumwa," Dada akasema.

"Nimejileta."

"Kaa. Usikalie upande huo, springi yako imekufa."

Alikaa upande huo huo. Alijaribu njia za mbali, habari za hali ya hewa na za mwenye nyumba, mpaka Dada akamwambia aseme alichokuja nacho kabla hakijamwozea. Basi akasema. Akamweleza kwamba mgeni hakutaja sindano. Alisema kila mnachokiegemea, akaishia hapo. Sindano aliiongeza yeye, Mdomo, kwa sababu watu walikuwa wanalala. Ingekuwa mwezi wa baridi angetaja blanketi.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha kuliko kidonda.

"Yaani mgeni hakusema."

"Hakusema, Dada. Naapa."

"Na wewe hukupanga kusema."

"Sikupanga. Lilinitoka tu."

"Basi ni afadhali zaidi," akasema. "Mimi nilidhani Mungu alipitia kwa mgeni. Kumbe alimruka. Alikuja moja kwa moja kwenye kinywa cha mdogo wangu."

Mdomo aliona ardhi inaondoka. Alikuwa amekuja na ukweli, na ukweli umegeuka kuwa nguzo ya pili ya uongo. "Dada, lilikuwa neno langu. Nililisema kama mchuuzi anavyosema bei ya mwisho."

"Na punda wa mtu naye anajua anachobeba?" Akavuta mguu, uso ukakunjana, ukanyooka tena. "Nisikilize. Nimeomba tangu nilipofiwa. Nimeomba mwanangu asirithi ugonjwa huu, nimeomba vidole hivi vinyooke, nimeomba hata kuota ndoto. Kimya. Unajua kukaa na mtu asiyekujibu? Nilikuwa nakwenda kanisani kama anayekwenda kuangalia kama taa ya jirani imewaka. Siku ile niliitwa. Sindano. Pale ndani nani mwingine mwenye sindano? Nimepata jibu moja tu maisha yangu yote, nawe umetoka huko kwako, jasho likikutoka, kuja kunipokonya."

Kila jibu alilolifikiria lilikuwa la mhubiri fulani.

Mchungaji wa kanisa, alipofuatwa ofisini, hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akafunga mlango, akaketi tena.

"Nimeshakwenda kwake, ndugu yangu. Nimemwambia dawa ni zawadi ya Mungu. Ameniambia, Mchungaji, wewe siku ile hukuwa umeshika kipaza sauti."

"Basi tangaza. Jumapili simama, sema mkalimani aliongeza."

Mchungaji alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Nikisema uliongeza neno moja, watu watauliza ni mangapi mengine. Utawajibu nini?"

Mdomo alifikiri. Alifikiri juu ya shati la arusi, juu ya dhambi alizozitaja moja moja, juu ya watu walioacha wake wa pili na waliorudi kwa wake wa kwanza kwa sababu ya sentensi ambazo hazikuwahi kutamkwa na mgeni yeyote.

"Sijui ni mangapi," akasema.

"Unaona? Tuombe."

"Nani aombe?"

Mchungaji akaomba. Mdomo alifumba macho, na ndani ya kichwa chake, bila kutaka, alianza kuitafsiri ile sala katika lugha ya kambi ya kwanza aliyopikia.

Kidonda kilipanda. Kutoka kidole kilihamia kwenye unyayo, na ngozi ya juu ya kifundo ikawa na rangi ya bilinganya. Majirani walikuja kusalimia wakiwa wamebana pua kwa adabu. Seremala, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alimpelekea mgonjwa mkongojo aliouchonga vizuri, akarudi nao. "Amesema hataki cha kuegemea," akasema. Halafu, kwa kuwa ulimi hauna mfupa: "Sikio la kufa halisikii dawa." Alipoona uso wa mwenzake akaenda kupiga randa mbao iliyokuwa imeshapigwa.

Ni binti aliyeleta shauri. "Mgeni mwingine anakuja Jumapili," alisema. "Wewe ndiwe utakayetafsiri. Mama anakubali kubebwa mpaka kanisani. Mjomba, uliitia sindano, itoe. Sema kwa sauti ile ile."

"Mgeni akisema kitu kingine?"

"Mgeni aseme anachotaka. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Kutia chumvi ni kitu kimoja. Hii ni kumwekea Mungu maneno kinywani makusudi."

"Na ile ilikuwa nini, bahati mbaya?" Sauti ya binti ilikuwa kavu. "Ulimuua kwa bahati mbaya. Mponye makusudi."

Mfa maji haachi kutapatapa. Akakubali.

Mgeni huyu alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na ndege. Alizungumzia subira. Dada yake alikuwa amewekwa mbele kabisa, kwenye kiti cha mikono, mguu umefungwa kanga mbili. Mdomo alitafsiri kwa uaminifu ambao hakuwa nao kabla, neno kwa neno, bila nyama, na watu wakashangaa ubaridi wake. Alikuwa akiitafuta nafasi. Mgeni aliposema kwamba Mungu hana haraka, Mdomo aliona hapo ndipo. Akamtazama Dada.

"Mungu hana haraka," akasema, "na tena hushuka kwa mikono ya watu. Yuko mtu hapa aliyeacha dawa yake akidhani ndiyo imani. Nenda nyumbani, ukaichukue. Aliyemuumba mganga ndiye aliyekuumba wewe."

Watu waliitikia vizuri. Mgeni mzee aligeuka polepole. Sentensi yake fupi ilikuwa imezaa ndefu. Alingoja, kwa upole, mpaka mkalimani akamaliza kumtazama mwanamke aliye kwenye kiti.

Nje, kivulini kando ya ukuta wa kanisa, Dada alimwita ainame.

"Yale yalikuwa yako," akamwambia.

"Yalikuwa ya mgeni."

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikikuuliza nani kala sukari. Ukisema uongo unaupanga vizuri na unamtazama mtu kwanza. Leo umenitazama kwanza. Siku ile hukunitazama. Ulikuwa kama mtu aliyesukumwa mgongoni."

"Kwa hiyo Mungu anasema nisipojua ninachosema, nikijua anyamaze?"

"Angesubiri ujue, angesema lini?" Akacheka kidogo, akakohoa. Kisha akamshika mkono, na vidole vyake vilivyopinda vilikuwa vya moto. "Usinifanyie tena hivyo. Nilikuwa na jambo moja safi. Sasa kila nikilikumbuka nitaisikia na hii ya leo."

Hakujidunga. Aliendelea kungoja, lakini kungoja kwake kulibadilika, na hilo Mdomo aliliona. Zamani alingoja kama mwenye mgeni njiani. Sasa alikuwa kama mtu aliyebaki kituoni baada ya gari kupita, ambaye haondoki kwa sababu hana pa kwenda. Siku moja alimuuliza, bila mzaha wowote, "Una hakika hukuipanga ile ya kwanza?" Mdomo akasema ana hakika. Alikuwa hana tena.

Hospitali alipelekwa akiwa bado anajua anachosema, na alichokisema mlangoni ni kwamba aoshwe kidonda, apewe maji, lakini sindano ya sukari hapana. Walimlaza kitanda cha karibu na dirisha. Siku iliyofuata fahamu zilianza kumtoka, akapumua kwa kasi na kwa kina kama aliyepanda ngazi. Mdomo alikuwa peke yake naye asubuhi hiyo. Binti alikuwa amekimbilia dukani kuomba ruhusa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukesha. Alipima, akasikiliza kifua, akamwita Mdomo pembeni.

"Mzee, huyu ni nani wako?"

"Dada yangu. Ndiye aliyenilea."

"Alikataa matibabu akiwa na akili zake. Sasa hawezi kusema. Kuna ndugu aliyezungumza naye baada ya pale? Alibadili mawazo?"

Mdomo alimtazama dada yake. Midomo yake ilikuwa imekauka, iko wazi kidogo, na haikuwa ikisema chochote kwa lugha yoyote. Wazo likamjia, baridi na wazi, kwamba hivi ndivyo Mungu alivyokuwa siku zote: amelala kimya mbele ya watu wanaoulizana amesema nini, na mwenye kinywa chepesi ndiye anayejibu. Hawezi kukana. Huenda hata hasikii. Mdomo alikuwa amesimama kando Yake miaka yote hiyo na hakuwahi kusikia sentensi moja.

"Alibadili," akasema. "Amekubali."

"Lini?"

"Alfajiri. Alisema, nidungeni." Na kwa kuwa mazoea yana nguvu kuliko mtu, akaongeza: "Alisema amechoka kuumwa, anataka kumwona mwanawe akizaa."

Daktari aliinamisha kichwa, akamwita muuguzi. Dripu ikatundikwa, dawa ikaingia. Daktari alipomaliza alibaki amesimama kando ya kitanda, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Tumefanya, mzee. Lakini nisikudanganye. Figo zimekwisha, na sumu ya mguu iko kwenye damu. Mngemleta wiki iliyopita. Sidhani kama atafika kesho."

"Nimeelewa," Mdomo akasema.

Binti aliingia mchana, mbio, koti jeupe limefunguka. Muuguzi alikuwa amemkuta kwenye korido na kumwambia habari njema tu, ile ya kukubali. Alisimama miguuni pa kitanda akiitazama dripu kama mtu anayetazama mvua baada ya ukame.

"Amekubali," akasema. "Mjomba, ni kweli amekubali?"

"Amekubali."

Akapiga magoti pale pale, mikono juu ya shuka. "Asante, Mungu. Asante. Nilikuomba hili tu, sikukuomba lingine, nawe umenisikia." Alilia muda mrefu, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Daktari, aliyekuwa akipita, alimtazama Mdomo, akangoja kuona kama atasema, akaendelea na njia yake.

Binti alijipangusa macho. Uso wake ulikuwa umerudi utotoni.

"Alisemaje hasa? Niambie maneno yake mwenyewe."

Mdomo akamwambia: alisema nidungeni, nimechoka kuumwa, nataka kumwona mwanangu akizaa.

"Na mimi? Alisema kitu kwangu?"

Pumzi za kitandani zilikuwa zimeanza kuachana, moja, kisha nafasi, kisha nyingine.

"Alisema usimkasirikie," akasema Mdomo. "Alisema anakupenda."

"Rudia," binti akasema, akiushika mkono wa mama yake. "Rudia tena, polepole."

Akarudia.